Nkambo Salomé na Likelemba ya Bandeleti

Katika mtaa wetu hapa Kamina, ukiuliza nyumba ya Salomé Kabange, watu watafikiri kidogo. Ukiuliza kwa Mama Sekretere, hata mtoto wa miaka mitatu atakunyooshea kidole. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa sekretere wa shule ya msingi ya Wametodisti, na kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa kuandika barua wala kupiga muhuri. Ilikuwa kupanga mistari. Watoto mia sita waliingia darasani bila mmoja kumkanyaga mwenzake, naye amesimama juu ya ngazi, rula mkononi. Hakumpiga mtu nayo. Aliinyoosha tu mbele, na mstari ukanyooka.

Alipostaafu, rula ilibaki shuleni, lakini mistari aliondoka nayo. Pale bombani ndoo zinapangwa kwa sababu yake. Kwenye harusi anasimama karibu na sufuria ya kuku, hata kama si harusi ya ndugu zake, na hakuna anayemwuliza nani amekutuma. Siku moja pasta alifika bombani na kidumu chake, ana haraka, akakiweka mbele ya ndoo zote. Nkambo akakichukua kwa heshima, akakipeleka nyuma.

"Pasta," akamwambia, "mbinguni pia tutaingia mumoja mumoja."

Pasta alicheka, akangoja.

Ni bibi yangu, mama wa mama yangu. Sisi Waluba bibi tunamwita nkambo, na kwetu bibi na mjukuu wake msichana wanataniana kama wake wa bwana mmoja. Kwa hiyo yeye ananiita Rivale. Ninakaa kwake tangu nianze humanités, yaani sekondari, kwa sababu nyumba yake iko karibu na shule, na kila asubuhi ananiuliza kama bwana yetu amekwisha kunywa chai. Bwana yetu ni babu, Tata Ézéchias. Anasikiliza redio na hatujibu, si mimi wala mwenzangu.

Sukari ilimpata Nkambo miaka minne iliyopita. Alianza kunywa maji kama gari la zamani, na aliyetambua kitu ni Tata Ézéchias: aliona sisimizi wamefungua njia mpaka chooni. Akamwita mke wake aje aone. Wamepanga mstari muzuri kabisa, akasema, bila shaka ni weye njo wanatafuta. Nkambo alicheka, halafu akaacha kucheka, akavaa viatu, akaenda kituo cha afya. Cyprien, ambaye ni mwuguzi lakini sisi wote tunamwita Dokta, alimtoboa kidole, na mashine ikaonyesha 318.

Mimi nilitaka kujua kila kitu kuhusu mashine ile. Inajuaje? Inaonja? Dokta Cyprien alinieleza kwamba mashine yenyewe haijui kitu bila bandeleti, kile kipande chembamba unachokichomeka mdomoni mwake, halafu unakigusisha tone la damu. Mashine inaishi miaka. Bandeleti inaishi sekunde tano, na ikishakunywa damu unaitupa. Nikamwuliza sasa shida iko wapi, wanunue bandeleti. Akanitazama kama mtu anayetazama mvua. Kamina mashine si ngumu kupata, akasema. Bandeleti zinatoka Lubumbashi, zinafika zikitaka, na mara nyingi zinazofika ni za mashine nyingine.

Mwaka jana mjomba wangu alitoka huko Lubumbashi, akamletea Nkambo mashine yake mwenyewe, ndani ya kifuko cheusi chenye zipu, na bandeleti kumi. Ziliisha siku mbili. Mtaa mzima ulipita kupimwa, hata wazima. Nkambo alitoa benchi, watu wakakaa wakisogea tako kwa tako. Tata Ézéchias, ambaye hana ugonjwa wowote isipokuwa ubishi, alipimwa mara mbili kwa sababu namba ya kwanza hakuiamini. Baada ya hapo mashine ililala kabatini kama redio isiyo na betri.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la likelemba.

Likelemba kwetu kila mtu anaijua. Mnakuwa kikundi, kila mwezi kila mmoja anatoa kidogo, na mmoja anabeba vyote. Mwezi unaofuata ni mwingine. Watu wamepata baiskeli kwa njia hiyo, na mabati, na masufuria ya harusi. Nkambo akatafuta wenzake wa sukari katika mtaa, wakawa sita. Alikuwamo Papa Matthias, Mkatoliki, mkulima wa mihogo na mahindi, mtu mwenye kofia na maneno mengi. Alikuwamo Mama Lydie, anayepika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na ambaye wote tulishuku kwamba anaonja kuliko anavyouza. Mwalimu mmoja na mke wa fundi cherehani, hao hawana kelele. Na Talitha, mdogo wao, nitamwelezea. Kila mwezi wangeagiza kopo moja la bandeleti hamsini, na kopo zima pamoja na mashine vingekwenda kwa mtu mmoja.

Niliuliza kwa nini wasigawane. Nkambo alinijibu kwamba Dokta amekataza bandeleti kutoka ndani ya kopo lake, hewa inaziharibu, na kopo moja huwezi kulikata mara sita. Na tena likelemba ni likelemba. Unatoa kidogo, unapokea kitu kizima, unafurahi. Nani atacheza ngoma kwa bandeleti nane?

Waliandika namba kwenye vikaratasi, wakavitia ndani ya kofia ya Papa Matthias. Watu walimwambia Nkambo achukue mwezi wa kwanza kwa kuwa mashine ni yake. Alikataa karibu kukasirika. Akachota kama wengine, akapata Februari. Januari ilikuwa ya Papa Matthias, Machi ya Mama Lydie, halafu mwalimu, halafu mke wa fundi. Talitha alipata Juni.

Januari Papa Matthias alipokea kopo kwa kucheza nalo juu ya kofia, na akaanza kujipima kila alipopata nafasi. Baada ya bukari, ugali wetu, baada ya maharage, baada ya kugombana na mke wake, ili aone kama hasira inapandisha. Inapandisha, alituambia. Siku ya kumi na tisa kopo likawa tupu, naye akaingia katika miezi mitano ya kutojua kitu. Februari Nkambo alijipima Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, saa moja kamili, kama kengele. Mwezi ulipoisha alikabidhi mashine, na kopo lake, bandeleti thelathini na nne ndani, akaliweka kabatini lingoje zamu yake ya Agosti. Machi Mama Lydie hakuweza kula peke yake. Kila mgeni aliyeingia kwake alipewa kiti, kikombe cha munkoyo, na bandeleti moja. Watu walitoka huko wameshiba na wanajua namba yao.

Sasa Talitha. Talitha ana miaka ishirini na tatu, anajidunga insulini tangu ana kumi na tano, na anasuka nywele haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwezi ule wa Machi alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza. Nilikuwa nimekaa chini, kichwa katikati ya magoti yake, ilikuwa Alhamisi baada ya shule, na upande wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha. Nikahisi mikono yake inapunguza mwendo. Alisuka mstari, akaufumua, akausuka tena. Halafu akaniita Guylain, na Guylain ni bwana yake. Nikacheka. Kisha tone likaniangukia shingoni, baridi, na nilipogeuka niliona ni jasho lake, uso mzima unachuruzika, na macho yake yananitazama bila kunijua.

Nilipiga kelele. Mama Lydie, ambaye wanaishi ukuta kwa ukuta, akaja mbio na kikombe cha munkoyo tamu. Mama mwingine akamkamata mkono.

"Usimupe. Ile ni muntu ya sukari, utamuua."

"Haumuone anatetemeka? Njo sukari inamuishia."

"Na kama imepanda? Unajua?"

Hakuna aliyejua. Walivutana kikombe, nusu ikamwagika mgongoni kwangu. Nikakumbuka mashine, nikakimbia kwa Mama Lydie, nikaikuta juu ya meza imekaa vizuri kwenye kifuko chake. Kopo lilikuwa tupu. Ilikuwa tarehe kumi na saba.

Dokta Cyprien alifika na baiskeli. Hakuuliza nani amesema nini. Alitia kidole katika sukari, akamsugua Talitha ndani ya shavu, akafanya tena, na tena, na alipoona anameza vizuri akamnywesha ile munkoyo iliyobaki, kidogo kidogo. Aliwaambia wale kinamama, bila kuwatazama, kwamba wakikosa kujua wampe sukari. Ikiwa juu inaweza kungoja. Ikiwa chini haingoji.

Baada ya robo saa Talitha alipepesa macho, akanitazama kichwa.

"Mira," akaniita, safari hii kwa jina langu, "nani amekusuka vile mubaya?"

Tulicheka mpaka Mama Lydie akalia.

Lakini Dokta hakucheka sana. Alimwambia Talitha mbele yetu kwamba mimba inabadilisha mahitaji ya insulini kila wiki, na kwamba tangu siku ile mpaka kuzaa inamlazimu kujipima mara nne kwa siku. Bila hivyo hawezi kumwongezea dawa wala kumpunguzia, na wakati mwingine ataanguka mahali ambapo hakuna mtu, yeye na mtoto.

Jioni nilimweleza Nkambo yote. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hata mchele ulipokuwa umekwisha kuwa safi. Halafu akaniuliza ni saa ngapi tulipotafuta bandeleti. Nikamwambia kama saa tisa na nusu.

"Saa tisa na nusu minyi nilikuwa hapa," akasema. "Nimekaa mbele ya kabati."

Mimi pia sikuwa nimewaza. Thelathini na nne, hatua mia moja kutoka pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyezikumbuka, kwa sababu Machi ilikuwa ya Mama Lydie na zile zilikuwa za Februari.

Alifungua kabati, akachukua kopo, tukaenda kwa Talitha, mimi na nusu kichwa changu. Talitha alikuwa kitandani, anaona aibu kama mtu aliyevunja sahani ya wageni. Nkambo aliweka kopo juu ya meza, na hapo mezani palikuwa na daftari la shule limefunguliwa. Sekretere haoni daftari akaliacha. Alilivuta. Talitha alikuwa amechora safu kwa rula: tarehe, asubuhi, mchana, jioni, kulala, kama alivyofundishwa alipoanza sindano. Na ndani ya kila kisanduku, Januari yote, Februari yote, alikuwa ameandika neno moja kwa mwandiko mzuri: sijui. Sijui, sijui, sijui, sijui.

Nkambo alifungua ukurasa wa pili na wa tatu. Aliuliza sindano anajidunga kiasi gani basi, kama hajui. Talitha akajibu kwamba anakisia. Anaangalia amekula nini na anasikia mwili.

Njiani kurudi Nkambo hakuniita Rivale hata mara moja. Nilimpigia hesabu ili nimfariji, na hesabu ikanikatalia: thelathini na nne kwa nne ni siku nane na nusu. Hata zamu ya Talitha ikiletwa mbele, kopo zima ni siku kumi na mbili. Na mpaka kuzaa ni miezi mitano.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikutana uani kwetu. Nkambo aliomba mashine ikae kwa Talitha mpaka azae, na wote wakakubali. Alipoomba kopo la Aprili nalo liende huko, Papa Matthias akatoa kofia, ishara kwamba ataongea. Alimwuliza Mama Sekretere ni nani aliyewaambia kwamba zamu ni zamu. Ni nani aliyemnyima yeye, Januari ilipoisha, hata bandeleti mbili za kuomba? Yeye pia ana sukari, haikuja kumtembelea tu. Na leo karatasi ya mwalimu iliyotoka katika kofia ifutwe? Mwalimu alisema yeye hana neno, lakini alilisema akitazama chini. Tangu nimjue Nkambo, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona anashindwa kujibu juu ya jambo la mstari, kwa sababu yule mtu alikuwa anamrudishia maneno yake mwenyewe. Wakaachana hivyo: mashine kwa Talitha, kopo kwa mwalimu.

Bandeleti za kabatini ziliisha wiki ile ile tuliyotegemea.

Mwisho wa Aprili ikatangazwa makanisani, kwa Wametodisti na kwa Wakatoliki, kwamba mradi mmoja umeleta kituoni bandeleti za kutoa bure, na ni za mashine kama ile yetu. Makopo arobaini. Jumamosi, saa mbili, kopo moja kwa mtu, anayefika kwanza anapokea kwanza.

Nilimsindikiza Nkambo alfajiri. Alikuwa wa tatu. Wa pili alikuwa Papa Matthias, naye alisalimia kwa baridi. Saa moja mstari ulikuwa umepita ukuta wa kituo. Saa mbili ulikuwa umefika barabarani, na pikipiki zilizotoka Kabongo zilikuwa zinashusha watu wenye vumbi mpaka kwenye kope. Talitha alifika saa mbili na robo, kwa sababu mtu wa sindano hawezi kutoka na njaa. Anajidunga, anakula, anangoja kidogo, ndipo anatembea. Alisimama nyuma kabisa na tumbo lake la miezi mitano.

Nkambo hawezi kukaa kwenye mstari bila kuuhesabu. Aliniachia nafasi yake, akaenda mpaka mwisho na kurudi. Watu sabini na wanane. Kisha akaenda tena, na safari hii alikuwa anauliza kila mtu neno moja: sindano ao vidonge? Nilimwona anainama kuongea na mtoto wa kiume wa miaka kama minane, aliyetoka Kabongo na baba yake, anayejidunga mwenyewe. Aliporudi alikuwa na namba nyingine. Wa sindano walikuwa kumi na tisa, na kumi na sita kati yao walikuwa nyuma ya mtu wa arobaini.

Hakurudi kwenye nafasi yake. Alikwenda moja kwa moja mezani, ambako Dokta Cyprien alikuwa anapanga makopo.

"Mwanangu, mustari yako iko muzuri sana."

"Asante, Mama. Ni weye njo ulinifundisha." Na ni kweli, alisoma shule ile ile, alipanga mstari mbele ya rula ile ile.

"Nilikufundisha ya kuingia mu darasa. Mu darasa benchi haziishe, kila mutoto ataingia. Lakini hii bintu itaisha. Sasa mustari inafanya kazi gani? Inachagua tu wenye miguu nguvu."

Dokta aliangalia makopo, akaangalia mstari. Aliuliza sasa yeye afanye nini, amri ni kopo moja kwa mtu. Nkambo akamwambia ampigie simu mkubwa wake, na kwamba yeye atangoja hapo hapo. Mazungumzo yalikuwa marefu. Tulisikia Dokta anasema ndiyo, hapana, kumi na tisa, ndiyo, Mama Sekretere, ndiyo yule yule. Alipokata simu alisema mkubwa amekubali, mradi majina yaandikwe vizuri. Nkambo alikuwa amekwisha kufungua kalamu.

Aligeukia watu, na ile sauti ya ngazi ya shule ikatoka. Aliwaeleza kwa maneno machache. Anayekunywa vidonge asipojipima wiki moja, kesho bado yuko. Anayejidunga asipojua, anaweza kulala asiamke. Wa sindano wapite mbele, na wapewe makopo mawili mawili. Mawili yatakayobaki yakae kituoni, na watu wa vidonge wapimwe hapo.

Ninyi mnajua watu waliotoka kitandani alfajiri wanavyopokea habari kama hiyo. Mmoja alisema hii ndiyo sababu nchi haiendelei. Mwingine aliuliza kama akienda nyumbani kuleta sindano ya ng'ombe atahesabiwa. Lakini aliyesimama kama nguzo ni Papa Matthias.

"Mama Salomé, minyi nimelala na viatu."

"Basi vua, upumuzike."

Watu wakacheka, na yeye hakucheka. "Minyi njo wa pili hapa. Uniambie mbele ya bantu: damu yangu haiko damu?"

"Iko damu, Papa Matthias. Na minyi nilikuwa wa tatu. Uangalie minyi nasimama wapi sasa." Akatembea, taratibu, na goti lake baya, mpaka nyuma ya mtu wa mwisho, akasimama huko.

Papa Matthias alibaki mahali pake. Dokta alikuwa amekwisha kuwaita wa sindano, nao wakaja mbele wakiona haya, na yule mtoto wa Kabongo akajikuta yuko sawasawa mbele ya Papa Matthias, anamtazama kofia. Papa Matthias akamwuliza ni kweli unajitoboa weye mwenyewe. Mtoto akainua shati, akamwonyesha tumbo. Papa Matthias akarudi hatua moja nyuma. Mmoja tu, akatangaza. Kisha akaja msichana na mama yake, akarudi hatua nyingine, akasema huyu naye ni mtoto, lakini sasa basi. Alipofika Talitha, Papa Matthias alikuwa amerudi nyuma mara tano na kila mara ilikuwa ya mwisho. Mwishowe alichoka kurudi kidogo kidogo, akatembea moja kwa moja mpaka nyuma, akasimama karibu na Nkambo. Alimwambia kwamba bado amekasirika. Nkambo alimjibu kwamba anaona.

Tulirudi nyumbani bila kopo. Talitha alikuwa nayo mawili, ameyafunga kwenye kitenge juu ya tumbo, anatembea kama amebeba mayai.

Baada ya hapo likelemba ilibadilika yenyewe, bila hata mkutano mrefu. Kila mwezi makopo mawili yalikwenda kwa Talitha, na mwezi mwingine yakawa matatu, kwa sababu wote waliongeza mchango, mjomba alitafuta huko Lubumbashi na Mama Lydie aliwaambia wageni wake wote kwamba munkoyo bado ni bure lakini kidole basi. Jumamosi asubuhi wale wengine watano walikwenda kwa Talitha, na kila mmoja alipata bandeleti moja ya wiki. Ndiye aliyekuwa anawapima, na ndiye aliyekuwa anawagombeza. Papa Matthias aliapa hajala kitu, mashine ikasema 267, akaungama kiazi kitamu kimoja, halafu viwili.

Dokta Cyprien alipopata namba za wiki tatu alimpunguzia Talitha sindano ya jioni, Juni akamwongezea ya asubuhi, na Julai akaanza kupiga mluzi akisoma daftari. Talitha hakuanguka tena. Upande wangu wa kulia ulisukwa, kama mnataka kujua, siku mbili baada ya ule wa kushoto, na nilikwenda shuleni hivyo hivyo, na wasichana wawili wakafikiri ni mtindo.

Mtoto alizaliwa Agosti, Jumamosi, wakati wa mchana. Msichana. Sisi wote tulikuwa chini ya dirisha la maternite, kikundi kizima, kwa sababu walikuwa wamekwenda kwa Talitha kupimwa na wakakuta mlango umefungwa. Tulimsikia mtoto akilia, Mama Lydie akaanza kuimba, lakini mkunga alitoka akatunyamazisha. Alisema mama mwenye sukari akizaa, mtoto naye hupimwa, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka ghafla, na siku ile wao hawana bandeleti. Kutoka ndani tukasikia sauti ya Talitha, imechoka lakini inaamuru: ndani ya mfuko mwekundu, chini ya nguo za mtoto.

Mashine ilikuwa humo, na kopo.

Waliniruhusu kuangalia kupitia dirisha. Hawatoboi kidole kwa mtoto mchanga, wanatoboa kisigino, sikulijua hilo. Alipiga kelele ya hasira, mkunga akakusanya tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na tukangoja zile sekunde tano. Nkambo alikuwa ameshika chuma cha dirisha kwa mikono miwili.

"Sitini na moja," mkunga akasema. "Iko muzuri."

Nikawatangazia walio nyuma: sitini na moja, iko muzuri. Mama Lydie akaendelea na wimbo pale alipouachia. Guylain, baba wa mtoto, akakaa chini kwenye nyasi. Papa Matthias akavua kofia, akajifuta uso nayo, akatuuliza kama tumeona.

"Haijamaliza saa moja mu dunia," akasema, "na imekwisha kutupita sisi wote. Minyi niko hapa tangu asubuhi, sijapimwa."

Nkambo hakugeuka. Alikuwa bado anachungulia ndani, anamwonyesha mtoto njia kwa kidole kupitia chuma, anamwambia kwa sauti ndogo apite tu, mama, apite.